Nesi Akisema "Ule Vizuri", Anamaanisha Nini?

Keti kwenye benchi la kliniki yoyote ya CTC, yaani ya huduma na matibabu kwa watu wenye VVU, nchini Tanzania, asubuhi ya siku ya kuchukua dawa, utasikia sentensi moja ikirudiwa kila mgonjwa anapotoka mlangoni: "Na ule vizuri, sawa?" Anayeambiwa huitikia sawa, akatia kopo la dawa kwenye mkoba, akaondoka. Njiani sentensi ile inageuka kuwa orodha ya manunuzi: maziwa, mayai, kuku wa kienyeji, juisi ya kusagwa kwa blenda, asali, pengine na lile kopo la virutubisho analouza jirani kwa bei ya mbuzi. Nyumbani kuna unga kilo mbili na fungu la dagaa. Basi mtu anajiona kwamba yeye kula vizuri hawezi, na kwa hiyo matibabu yake yana kasoro tangu mwanzo.

Nesi hakukosea. Shida ni kwamba maneno yale mawili yamebeba maagizo matatu, na kila agizo lina mtu wake. Yupo anayeanza dawa akiwa amekonda mno. Huyo anatakiwa kuongezwa uzito kwa utaratibu wa kitabibu. Yupo aliyetulia, virusi vimefubaa, anafanya kazi zake. Huyo ale kama anavyopaswa kula mtu mwingine yeyote mwenye afya, basi. Na yupo ambaye nguo zimeanza kumbana. Huyo akiendelea kuhimizwa ale, anasukumwa kwenye presha na kisukari. Wote watatu wanapewa sentensi moja, na pale inapoishia ndipo porojo zinapoanzia.

Ushauri wenyewe una historia. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, huko Rakai, Uganda, watu waliuita Slim, yaani mwembamba, kwa jinsi ulivyowakausha wenzao, na mwaka 1985 madaktari wakauandika kwa jina hilohilo kwenye jarida la Lancet. Kwa karibu miaka ishirini iliyofuata, aliyeuguza ndugu yake hakuwa na cha kumpa zaidi ya chakula na dawa za magonjwa nyemelezi. ARV, dawa za kufubaza virusi, zilianza kutolewa bure na serikali Oktoba 2004. Tangu hapo dawa zimebadilishwa mara kadhaa. Sentensi ya mlangoni imebaki ileile.

Kabla ya kulisha, uliza kwa nini amekonda

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu mwenye VVU, hata asipokuwa na dalili yoyote, hutumia nguvu zaidi kidogo kwa sababu kinga yake iko kazini muda wote. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria nyongeza ya asilimia 10 kwa mtu mzima asiye na dalili, na asilimia 20 hadi 30 kwa mwenye dalili au magonjwa nyemelezi. Kwa mtoto aliyeanza kupungua uzito, nyongeza inaweza kufika asilimia 50 hadi 100.

Asilimia 10 inasikika kubwa mpaka uipeleke jikoni. Mtu ambaye kwa kawaida hutosheka na kilokalori 2,000 kwa siku anahitaji 200 zaidi. Kikombe cha uji wa ulezi chenye vijiko viwili vya karanga za kusaga kinafikisha hapo na kupita. Na kuhusu protini, ambayo ndiyo hasa inayowafanya watu wawaze nyama na mayai, WHO haikuona ushahidi kwamba mtu mwenye VVU anahitaji sehemu kubwa zaidi ya protini katika mlo kuliko mwingine. Anahitaji chakula kingi zaidi kidogo, chenye mchanganyiko uleule.

Sasa chukua mfano wa mama mwenye urefu wa sentimita 160. Anapanda kwenye mizani, kadi inaandikwa kilo 46. Ukigawa uzito huo kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata karibu 18, na chini ya 18.5 ni uzito pungufu; chini ya 16 ni utapiamlo mkali. Miezi mitatu iliyopita kadi ileile ilisema 52. Ameshuka zaidi ya asilimia 10. Hapa ndipo penye njia panda. Mhudumu mwenye haraka ataandika "ushauri wa lishe" na kumwita anayefuata. Mhudumu makini ataanza kuuliza.

"Mama, unakohoa?"

"Kidogo tu, dada, ni vumbi."

"Usiku unatoka jasho mpaka shuka linalowana?"

Kimya. Kisha: "Hilo lipo."

Kupungua uzito ni moja ya dalili nne zinazoulizwa kila hudhurio ili kuibua kifua kikuu, pamoja na kikohozi, homa na jasho la usiku. TB ndiyo muuaji mkubwa wa watu wenye VVU katika sehemu zetu hizi, na mama huyo ukimpa maziwa lita mbili kwa siku bila kupima makohozi, unalisha ugonjwa huku yeye akiisha. Baada ya TB yanafuata maswali mengine. Anameza kwa maumivu? Utando mweupe wa fangasi ukishashuka hadi kooni, hata uji unakuwa adhabu, na tiba yake ni vidonge vya fangasi. Anaharisha wiki ya tatu sasa? Kinachoingia hakikai. Dawa anameza kila siku, au alisafiri kwenye msiba akaziacha? Wingi wa virusi ulipimwa lini? Amekosa usingizi na hamu ya kula tangu mume aondoke? Na lile ambalo watu huliuliza mwisho kwa aibu: jana usiku mlikula nini nyumbani?

Jibu likiwa njaa, ni njaa. Lakini ujue kwanza.

Chakula dawa, na hatari ya kulisha kwa pupa

Kwa mtu mwenye utapiamlo mkali, kliniki nyingi zimewahi kuwa na pakiti za chakula dawa: karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini, vilivyosagwa vikawa laini, unafyonza moja kwa moja kutoka kwenye pakiti. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Haihitaji maji wala kupikwa, na kwa sababu haina unyevu, bakteria hawapati pa kuzaliana. Kwa watoto imeokoa wengi mno. Utepe wa kupima mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, pakiti hizo ndizo tiba, ilimradi hana tatizo jingine la kumlaza wodini.

Kwa watu wazima mambo hayakunyooka hivyo. Kulikuwa na sababu nzuri ya kujaribu: ilishaonekana katika hospitali nyingi za Afrika, ikiwemo ya Haydom mkoani Manyara, kwamba wanaoanza ARV wakiwa wamekonda sana hufariki zaidi katika miezi ya mwanzo, hata dawa zikiwa zinafanya kazi. Watafiti wa mradi wa NUSTART wakachukua wagonjwa zaidi ya 1,800 wa Mwanza na Lusaka, Zambia, wote wenye uzito pungufu na wanaoanza ARV. Nusu walipewa chakula cha namna hiyo, nusu wakapewa kilekile kilichoongezewa vitamini na madini kwa wingi. Matokeo yalichapishwa 2015: nyongeza ile ya vitamini na madini haikupunguza vifo.

Na kumlisha mtu mzima aliyekonda sana kuna hatari yake. Mwili ulioshinda na njaa miezi kadhaa umeshazoea kubana matumizi. Ukimiminiwa chakula kingi ghafla, madini kama fosfeti na potasiamu hukimbilia ndani ya seli, yanapungua kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana mtu mzima aliyebaki mifupa huanzwa kwa kiasi kidogo, kisha huongezwa hatua kwa hatua, akiangaliwa. Ndugu wanaomletea mgonjwa wodini hotpoti ya pilau siku ya kwanza wanafanya hivyo kwa upendo, na muuguzi anayewazuia huonekana mkatili. Hana ukatili wowote. Halafu utapiamlo wa kiwango hicho kwa mtu mzima karibu kila mara una ugonjwa mwingine nyuma yake, na pakiti ya karanga haitibu homa ya uti wa mgongo wala TB iliyosambaa.

Jambo jingine linalojulikana na kila mhudumu, ingawa halipo kwenye fomu: pakiti zikifika nyumbani, wanakula watoto. Mama anapewa za kumtosha wiki mbili, zinaisha siku nne, uzito haupandi, na anaogopa kusema. Mimi simlaumu. Anayepanga mpango wa kumlisha mtu mmoja katika nyumba ya watu sita wenye njaa ndiye anayepaswa kujieleza.

Hadithi ya vitamini za Dar es Salaam

Swali la vitamini lilijibiwa hapahapa kwetu, na jibu lake ni la kupendeza kwa sababu lilibadilika.

Mwaka 1995 watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Wafaie Fawzi, walianza kuandikisha wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam. Wakafika 1,078. Wengine walipewa vitamini B za aina mbalimbali, C na E, wengine vitamini A, wengine zote, wengine vidonge visivyo na kitu. Wakati huo ARV hazikuwepo kwa mtu wa kawaida. Matokeo ya 2004 yalionyesha kuwa waliopata B, C na E walichelewa kuugua zaidi na kufariki: asilimia 25 hivi walifikia hatua ya nne ya ugonjwa au kufariki, dhidi ya 31 ya wale wa vidonge vitupu. Tofauti si kubwa, ila pasipo na dawa ni neema. Vitamini A, ambayo kila mtu aliitegemea, ilifanya kinyume: iliongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto.

Kisha ARV zikaja, na kundi hilohilo la watafiti likauliza upya, safari hii kwa watu 3,418 wa Dar es Salaam walioanza dawa: je, vitamini za dozi kubwa ni bora kuliko za dozi ya kawaida? Majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati. Dozi kubwa haikuzuia kuugua wala kufa, na vipimo vya ini vya waliozimeza vilipanda zaidi. Hayo yalichapishwa 2012.

Kwa hiyo mtu anayekuuzia kopo la "kuongeza CD4", yaani chembe za kinga, anaweza kukuonyesha utafiti wa kweli kutoka Tanzania. Anakuonyesha wa 2004 na kukuficha wa 2012.

Biashara hii ina makaburi yake. Afrika Kusini, enzi za Rais Thabo Mbeki, waziri wa afya Manto Tshabalala-Msimang alisifia vitunguu saumu, ndimu na bitiruti huku serikali ikichelewesha ARV. Katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa Toronto mwaka 2006 banda la nchi yake lilipambwa kwa vyakula hivyo. Watafiti wa Harvard walikadiria baadaye kwamba ucheleweshaji ule uligharimu maisha ya zaidi ya watu 330,000. Sisi nasi tulikuwa na kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo mwaka 2011, shilingi 500 tu, na foleni ya magari ya kilomita nyingi. Kitunguu saumu hakina kosa. Kiweke kwenye mchuzi. Mlonge nao ni mboga nzuri sana. Kosa linaanza pale mboga inapokaa kwenye kiti cha dawa.

Dawa zako na tumbo lako

Wengi wa watu wazima walio kwenye matibabu leo wanameza TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Kidonge hiki kinamezwa ukiwa umekula au hujala. Narudia kwa sababu imani kwamba "dawa kali hizi huwezi kuzimeza tumbo tupu" bado inawafanya watu waruke dozi siku ambayo sufuria haijainjikwa. Imani hiyo haikutoka hewani. Baadhi ya dawa za awali zilichefua vibaya, na zile zenye ritonavia, ambazo bado zinatumika kwa wachache walio kwenye mstari wa pili, yaani waliobadilishiwa baada ya dawa za kwanza kushindwa, hupendelea kumezwa na chakula. Efavirenzi, kwa upande wake, ilimezwa usiku na mbali na mlo wa mafuta mengi ili isizidishe kizunguzungu. Masharti ya dawa tatu tofauti yakachanganyika vichwani yakawa sharti moja. Kwa TLD, siku isiyo na chakula, meza kwa maji.

Sharti la kweli la TLD ni jingine, na halisemwi vya kutosha. Dolutegravia hushikana na madini tumboni na kushindwa kuingia kwenye damu. Madini hayo ni chuma, kalsiamu, zinki, magnesiamu na aluminiamu, yakiwa katika vidonge au dawa za maji. Ukitumia dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu, meza TLD masaa 2 kabla yake au masaa 6 baada yake. Vidonge vya chuma na kalsiamu vina nafuu moja: unaweza kuvimeza pamoja na TLD ilimradi ni wakati mmoja na chakula; bila chakula, fuata masaa yaleyale ya 2 na 6. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki ya wajawazito na TLD chumba cha CTC anaguswa moja kwa moja, maana vyumba viwili hivyo havizungumzi kila mara. Anaguswa pia yule mwenye kopo la virutubisho la bei mbaya: madini aliyonunua ili kuimarisha kinga yanaweza kuwa ndiyo yanayoizuia dawa yake. Chakula cha kawaida hakiingii katika katazo hili. Kula dagaa na mchicha wako kwa amani.

Na ukiwa na kisukari unatumia metformini, mwambie daktari, kwa kuwa dolutegravia huipandisha kwenye damu na dozi yake inabidi iwekewe kikomo.

Njaa inavyoangusha matibabu

Mtu aliyeanza ARV akapona kidogo, hamu ya kula inarudi kwa kishindo. "Dawa hizi zinakula," watu husema. Katika nyumba yenye milo mitatu hiyo ni habari njema. Katika nyumba yenye mlo mmoja, ni kitisho, na wapo wanaoacha dawa kusudi ili njaa iwaachie. Wengine huacha kwa hesabu nyepesi zaidi: nauli ya kwenda kliniki ndiyo pesa ya unga wa siku mbili.

Je, kuwapa chakula au pesa kunasaidia, au ni hisani tu? Shinyanga ilitoa jibu. Kati ya 2013 na 2016 watu wazima 805 walioanza ARV muda si mrefu, ambao nyumbani kwao chakula hakitoshi, waligawanywa makundi matatu. Wote walipimwa na kupewa ushauri wa lishe. Kundi moja liliishia hapo. La pili liliongezewa kikapu cha kila mwezi cha unga wa mahindi, maharage na karanga. La tatu lilipewa pesa taslimu, kiasi cha shilingi 22,500 kwa mwezi, thamani inayokaribiana na ile ya kikapu. Vilitolewa kwa muda usiozidi miezi sita, kwa sharti la kuhudhuria kliniki. Baada ya miezi hiyo, waliokuwa na dawa mkononi kwa angalau asilimia 95 ya siku walikuwa 63 kati ya kila 100 kwenye kundi la ushauri peke yake, karibu 79 kwenye kundi la kikapu, na 85 kwenye kundi la pesa.

Utafiti uliofuata mkoani humohumo, uliochapishwa 2020, ulipima virusi vyenyewe. Kati ya wagonjwa wapya waliopata huduma ya kawaida, karibu asilimia 73 walikuwa kwenye matibabu na virusi vimefubaa baada ya miezi sita. Waliopata shilingi 10,000 kwa mwezi walikuwa karibu 83. Waliopata 22,500, karibu 86.

Mimi huona matokeo hayo yanatuambia kitu ambacho mabango ya "mlo kamili" ukutani hayatuambii. Ushauri wa lishe bila chakula ndiyo huduma ya bei nafuu kuliko zote, ndiyo maana ndiyo tunayoitoa zaidi. Na kikapu kilishindwa na pesa kwa pointi kadhaa, pengine kwa sababu unga haulipi bodaboda.

Sahani yenyewe

Aliyetulia kwenye dawa hana chakula chake maalumu. Sahani ya ugali wa dona, dagaa waliokaangwa na nyanya, na matembele yenye karanga inamtosha kabisa, na parachichi ikiwa msimu wake. Dagaa huliwa na mifupa yao, kwa hiyo wanaleta kalsiamu pamoja na protini, kwa bei ambayo nyama haiifikii. Maharage siku nyingine, choroko siku nyingine. Embe, papai, ndizi, lolote linalouzwa kwa fungu jioni sokoni. Tufaha na zabibu za kwenye friji ya supamaketi hazina siri yoyote. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, kiporo kipashwe mpaka kitokote, kwa maana kuhara kwa mtu mwenye kinga ndogo huchukua siku nyingi kupona.

Nitakaa kidogo kwenye unga wa lishe, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapoteza pesa zao. Utaona mfuko ulioandikwa vitu kumi na viwili: mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, dagaa, ubuyu. Nafaka sita ndani ya uji mmoja hazikupi kitu ambacho nafaka moja na kunde moja hazikupi. Dagaa na karanga ndani ya unga huchacha mapema. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, na mnunuzi hana namna ya kujua kama ilipitia motoni. Juu ya yote hayo kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupika. Ukinunua karanga nzima ukazimwaga kwenye ungo, unaweza kutupa zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi. Zikishasagwa na mtu mwingine, umemwachia yeye macho yako. Nunua ulezi kilo moja, chambua karanga zako, zisage karibu na siku ya kuzitumia.

Kwa mama anayenyonyesha mambo yameshakuwa mepesi kuliko zamani. Kuna kipindi akina mama wenye VVU walishauriwa maziwa ya kopo kama wanayamudu. Botswana iliyagawa bure, na mwaka 2006, baada ya mvua kubwa kuharibu maji, watoto wengi waliharisha na kufa, zaidi wakiwa wale wasionyonyeshwa. Mwongozo wa WHO wa 2016 ni kwamba mama aliye kwenye ARV anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6, kisha aanzishe vyakula vingine huku akiendelea kunyonyesha hadi angalau miezi 12, na anaweza kufika 24 au zaidi akizingatia dawa. Cha kuogopwa katika miezi ile 6 ni kuchanganya: titi asubuhi, uji mchana, maji ya sukari usiku kwa sababu bibi amesema mtoto ana kiu. Bibi aambiwe kwa heshima, lakini aambiwe.

Nguo zinapoanza kubana

Limebaki lile agizo la tatu, ambalo kliniki nyingi hazijalizoea. Utafiti wa ADVANCE wa Johannesburg, wa 2019, ulionyesha waliotumia mchanganyiko wenye dawa zinazofanana na TLD wakiongezeka kilo 3 hivi kwa wastani katika wiki 48, na waliokuwa kwenye efavirenzi chini ya kilo 2. Wanawake waliongezeka zaidi. Sehemu ya ongezeko ni mwili kurudi ulipokuwa kabla ya ugonjwa. Sehemu nyingine ya tofauti inatokana na efavirenzi yenyewe, ambayo kwa baadhi ya watu huzuia uzito kupanda. Lakini wapo ambao hupita mstari wa afya na kuendelea.

Ukiwashauri wapunguze, utakutana na ukuta usiohusu chakula. Mtaani kukonda ndiyo ushahidi wa kwanza dhidi ya mtu. Mama wa sentimita 160 ambaye leo ana kilo 78 anajua kuwa kitambi chake kimewafunga midomo majirani, na kwamba kilo kumi zikitoka, maneno yatarudi. Kumwambia "punguza ugali na soda" bila kuligusa hilo ni kupoteza muda. WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, ambao wamepitia njia hiyohiyo, hulizungumza vizuri kuliko daktari. Humwambia aanze na vitu ambavyo mtaa hauvioni: sukari kwenye chai, mafuta ya kupikia yanayomiminwa bila kipimo, chipsi za usiku. Hayo hupunguza kasi bila kumkausha mtu kwa mwezi mmoja. Dawa haiachwi kwa sababu ya uzito. Kama kuna haja ya kubadilisha, daktari ndiye anayepima.

Mama huyo naye apimwe presha kila hudhurio, na sukari kwa ratiba atakayopangiwa. Kadi yake inayo nafasi ya uzito tangu siku ya kwanza, na mhudumu amekuwa akiijaza kila mara huku akimpongeza kwa kila kilo iliyoongezeka.